Rudi Ulikoruka

Mazishi yamekwisha. Turubai limekunjwa,
viti vya kukodi vimeteremka Kasese kwa pikipiki tatu,
sufuria za kanisa zinasuguliwa kwa majivu mtoni.
Nimekaa kwenye kigoda chake
na Kitabu chake magotini,
kile ambacho hakuweza kukisoma
wala hakuna aliyekijua kumshinda.

Yeresi Mbambu, mjane wa Masereka wa mgodini Kilembe.
Kitabu aliachiwa na mume.
Mume alikinunua kwa fundi Mkongomani
siku ya mshahara, kwa bei ya viatu,
akaendelea kushuka shimoni na viatu vilivyotoboka.
Ndiyo maana bibi yangu, mtoto wa mlima,
aliyefokea kuku kwa Kikonzo
na kushusha bei sokoni kwa Kitoro,
alizungumza na Mungu kwa Kiswahili tu,
Kiswahili cha nyundo, cha zamu ya usiku.
"Ndiyo lugha aliyonizoea nayo," alisema.
"Nikibadilisha leo atauliza ni nani huyu."

Jioni aliniita. Chemli katikati yetu,
kahawa imeanuliwa, harufu yake bado mkekani,
mimi nasoma, yeye anachambua maharage.
Nami, mtoto mwenye njaa, niliruka.
Niliruka wazee na hesabu ya miaka yao,
niliruka vipimo vya hema, dhiraa kwa dhiraa,
siku moja nikaruka gharika nzima
nione kama chungu kitaepuliwa mapema.
Vidole vyake vikasimama juu ya ungo.
"Kule," akaniita kwa jina langu,
"rudi kule ulikoruka.
Hao unaowaruka nao walizaliwa na mtu."

Msidhani alikuwa malaika, kama mchungaji alivyosema leo
mbele ya jeneza, akifuta miwani.
Sukari aliificha ndani ya debe la mbegu.
Mwalimu wa kwaya hakumsalimu miaka minne
kwa sababu ya jembe.
Ijumaa akifunga, hata paka alihamia kwa jirani.
Na masika yale, Nyamwamba ulipopanda usiku
ukiviringisha mawe makubwa kama nyumba,
ukabeba daraja, ukabeba kambi ya wachimbaji,
ukambeba Masika, mama yangu,
aliyekuwa amerudi kuchukua blanketi,
bibi alikaa siku tisa bila kusali.
Wanawake wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaondoka.
"Namnyamazia," alisema. "Ajue."

Siku ya kumi alisonga bundu, akanawa mikono,
akaketi hapa nilipoketi.
"Kule, lete Kitabu.
Anza pale pa gharika. Leo usiruke."
Nikasoma mpaka maji yakapungua,
mpaka njiwa, mpaka tawi.
Ungo wake ulikuwa mtupu.
Vidole vikaendelea kuchambua.

Leo kurasa zinanuka moshi na sabuni ya mche.
Kila mahali alipopapenda aliweka punje ya harage.
Nilidhani nitazikuta kwenye nyimbo, kwenye faraja,
pale watu wanapopigia mstari.
Hapana. Zimejaa kwenye orodha:
fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani,
majina magumu kama kokoto,
yale niliyoyakimbia kwa ajili ya tumbo.
Na moja, jekundu, iko garikani.
Imekaa miaka mingi hata imeacha kishimo
katika ukurasa, mfano wa nyayo ya mtoto mchanga.

Nasoma kwa sauti. Jikoni hakuna mtu.
Naruka jina moja, makusudi.
Nasubiri.
Nje kuku wanagombania wali wa wageni
na hakuna anayewafokea.
Naruka la pili.

Naruka la tatu.

Basi, narudi mwenyewe.